Senti za Mama Zilizosuguliwa kwa Majivu

Mwanangu, siku isiyonitoka kichwani ni ile nilipopokea kifurushi posta ya Tukuyu. Ndani mlikuwa na sarafu kumi na moja za senti kumi, zile za kale zenye tundu, kila moja imefungwa kwenye kasha la plastiki lenye neno moja: imesafishwa.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga chumba mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini. Kampuni moja ya ng'ambo inayopima ubora wa sarafu ilikuwa na orodha yake mtandaoni. Unaweka mkusanyo wako humo, unapewa nafasi, na wakusanyaji wa mbali wanakuandikia. Mvua za huku unazijua, zinakufungia ndani siku nzima. Sikuwa na wenzangu wengine ila hao. Lakini sarafu isiyo na namba ya ubora haikuingia kwenye orodha, na iliyosafishwa haikupewa namba, kwa kuwa kusugua hufuta sura yake ya asili.

Mama, kule Lupepo, alisikia nakusanya vitu vya zamani. Akanipa senti alizoachiwa na baba yake, muuza kahawa. Ziling'aa. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, nikazituma kwa kampuni ile bila kuuliza.

Ziliporudi nilizipeleka kwake.

"Mama, ulizifanya nini hizi?"

"Nilizisugua kwa majivu, baba. Ningekupaje vitu vyeusi?"

"Umeziharibu. Hazifai kitu sasa."

Akaligeuzageuza kasha. "Hao waliokuambia hazifai, wanamjua babu yako?"

Niliondoka ndizi zikiwa bado jikoni. Tangu hapo hakunipa tena kitu mkononi. Alikiweka mezani, akatoka nje.

Wale wa mtandaoni nao waliacha kuandika, mmoja mmoja. Asiyeongeza sarafu kwenye orodha hakuna anayemtafuta.

Kusanya, mwanangu, sikukatazi. Ila soma sheria za orodha kabla ya kutuma chochote, na ujue zimetungwa kwa faida ya orodha, si kwa ajili yako. Wala usimpime aliyekupa kwa kipimo cha watu wasiomjua. Mungu akujalie moyo wa kupokea, na mtu wa kukaa naye mvua ikinyesha.

Tulipomzika mama, nilikuta kwenye fundo la kanga yake senti moja ya namna ile ile, nyeusi, haijaguswa na majivu. Hadi leo sijui kama aliniwekea au aliificha nisiipate.