Bega la Kushoto la Mtoto wa Watu

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kabla hata ya kazi kuanza. Asubuhi nilikuwa kliniki ya viungo mtaa wa Ghala, hapa Maskat, nikinyoosha migongo ya mafundi wa gereji na mabega ya wapakia mizigo. Alasiri nilirudi nyumbani Mawaleh, nikala wali uliokwishapoa, nikafungua kompyuta juu ya meza ya chakula na kuanza kuwatazama vijana wa Kimarekani wakigongana.

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya pembeni. Nilisomea tiba ya viungo Marekani kwa msaada wa serikali, na huko chuo kikanipeleka kujifunza kazi kwenye timu yao ya futiboli, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Mwenzangu mmoja wa darasani, Mmarekani, baadaye alifungua ofisi ndogo ya kuziandikia klabu za kulipwa ripoti kuhusu wachezaji wa vyuo. Kila mwaka kuna siku za uteuzi, ambapo klabu hupokezana zamu kuwataja vijana wanaowataka. Kabla ya siku hizo, mwenzangu alinitumia video za walinzi wa mstari wa pili, ambao wenyewe huwaita lainibeka. Hao husimama nyuma ya yale majitu ya mbele, husoma mpira unaelekea wapi, kisha humkimbilia aliyeushika na kumwangusha. Watu wengine wa ofisi ile walipima mbio zao na akili yao ya mchezo. Mimi nilitazama miili tu: nyonga inageukaje, goti linakunjikaje, nani anaumwa na haonyeshi.

Mama yangu alikuwa akikaa nami mezani, akichambua majani ya kotmiri. Alikuja Maskat kutoka Unguja akiwa msichana, na mchezo wa aina ile hakupata kuuona popote.

"Hawa hawana wazee wa kuwakataza?" aliuliza mwaka wa kwanza.

"Ndiyo kazi yao, mama."

"Kazi! Kupigana vichwa!"

Lakini aliendelea kutazama, na kila mwaka akawa na kijana wake. Safari ile alimpenda mmoja mrefu, mwembamba kuliko wenzake, kutoka chuo kisichokuwa na jina kubwa. Hakumpenda kwa sababu ya kuangusha watu. Alimpenda kwa sababu kila alipomwangusha mtu alisimama, akampa mkono, akamwinua.

"Muone," alisema mama. "Kamuangusha, na kamuinua. Huyu kalelewa."

Nami nilimpenda, kwa sababu nyingine. Alikuwa hakimbilii mpira. Alikuwa anafika pale mpira utakapokuwa. Mlinzi wa namna hiyo hapatikani kila msimu. Nilikwisha kuanza kuandika maneno mazuri juu yake.

Kilichonisimamisha ni kile kile alichokipenda mama. Katika mechi za mwisho wa msimu, kila alipomwinua mtu alitumia mkono wa kulia. Hata kama aliyeanguka yuko kushotoni kwake, alimzunguka kwanza. Nikarudi kwenye mechi za mwanzo: kule alitumia mkono wowote. Nikatazama tena na tena mpaka chai ikapoa. Katikati ya msimu palikuwa na mechi moja ya mvua kubwa, na baada ya hapo alikuwa akiangusha watu kwa bega la kulia peke yake. Mpira ukirushwa upande wa kushoto, aligeuza mwili mzima ili aupige kwa mkono wa kulia. Mtu asiyetazama mabega ya watu kutwa angeona ni mtindo tu.

Nilimpigia mwenzangu.

"Una hakika?" aliuliza.

"Sijamgusa. Nitakuwaje na hakika? Niache nizungumze naye kwanza."

Alipanga. Kwangu ilikuwa baada ya sala ya magharibi, kwake asubuhi. Kijana alitokea kwenye kioo cha kompyuta amevaa fulana, nywele bado zina maji, akaniamkia kwa adabu. Tuliongea habari za masomo yake, kisha nikamwomba ainue mikono yote miwili, kama mtu anayeweka sanduku juu ya kabati.

Alicheka. Mkono wa kulia ulipanda moja kwa moja. Wa kushoto ulifika usawa wa sikio, akaanza kuinamisha kiwiliwili ili kuusaidia.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Alinyanyuka, akafunga mlango wa chumba, akarudi.

"Tangu ile mechi ya mvua. Kocha hajui. Daktari wa timu hajui. Mama yangu yuko hapo jikoni, naye hajui."

"Usiku unalalaje?"

"Kwenye kiti."

Watu wanaolala kwenye viti kwa maumivu ya bega nnao wengi Ghala, nawajua sura zao za asubuhi.

"Sikualikwa kwenye upimaji mkubwa wa kabla ya uteuzi," alisema. "Klabu zitasoma ripoti tu. Wakinichagua kwanza, watanitibu wao. Wakijua kwanza, hawanichagui. Unaona?"

"Naona."

"Basi andika kwamba niko sawa. Uko mbali huko, nani atakuuliza?"

"Ukigongwa vibaya mara moja tu, mkono huo huenda usiuinue tena maisha yako yote."

"Mwenye mkono ni mimi."

Sauti yake haikuwa ya ujeuri. Alikuwa amechoka kama mimi, na mdogo kiasi cha kuweza kuwa mwanangu. Nilimwambia wazi nitakachoandika: kwamba ni mchezaji bora katika wote niliowatazama mwaka ule, na kwamba bega la kushoto lipimwe kabla ya uamuzi wowote. Nilitaka ayasikie kwangu, asiyasikie kwa watu. Akakata, kioo kikawa cheusi.

Mama hajui Kiingereza, lakini nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni na kila kitu amekwisha kukielewa.

"Mgonjwa?"

"Bega."

"Na wewe utalisema."

"Ndiyo kazi niliyopewa, mama."

"Utamkatia mtoto wa watu riziki yake."

"Riziki haikatwi na mtu."

"Hayo maneno ya kujituliza," alisema. "Mimi nnayajua, nimejituliza nayo sana." Akarudi chumbani kwake.

Niliituma ripoti kabla ya isha, maana nilijua nikiilaza nitaibadilisha. Mwenzangu alinijibu kwa maneno machache: ndiyo maana alikuwa akinitumia mimi. Ilikuwa sifa, nami sikupata pa kuiweka.

Siku za uteuzi zilipofika joto lilikuwa limekwisha kuanza. Kwa tofauti ya saa, mambo yao mengi hutokea sisi tumelala, kwa hiyo nilikuwa nikiamka kusali alfajiri, nikikunja msala, ndipo nashika simu. Asubuhi ya kwanza hakuwamo, wala sikumtarajia kati ya wale wa mwanzo. Asubuhi ya pili nilimtarajia. Ya tatu nikayapitia majina yote mpaka mwisho, nikarudia kutoka mwisho mpaka mwanzo. Walinzi ambao mimi mwenyewe niliwaandikia kwamba ni wazito na hawageuki walichaguliwa. Yeye hakuwamo.

Mama alisoma usoni mwangu. Akamimina chai, akaisogeza mbele yangu, akaondoka. Ilipita muda mrefu kabla hajakaa tena nami mezani. Hakunigombeza wala hakuninunia. Alikuwa tu na kazi nyingine kila nilipofungua kompyuta.

Baadaye nilisikia kwamba kijana alipimwa, ikaonekana nyama ya ndani ya bega imechanika, akafanyiwa upasuaji. Nilidhani habari zake zimeishia hapo. Kumbe mwisho wa kiangazi, mchana mmoja wa Ijumaa, kwao bado alfajiri, simu ikalia na alikuwa ni yeye. Namba alipewa na mwenzangu.

"Bado nna hasira na wewe," alianza, hata salamu hakutoa. "Lakini nataka kukuuliza kitu. Nikilala, bega linachoma kwa ndani. Ni kawaida?"

Nilimuuliza linachoma wapi hasa, linachoma saa ngapi, amefanya mazoezi gani. Nilimwambia ni kawaida, lakini apunguze kuvuta ule ukanda wa mpira wa mazoezi, na amwonyeshe daktari wake. Akaniambia kwamba klabu moja ilimwita majaribio kabla bega halijapata nguvu, wakamtazama, wakamshukuru, wakamwacha aende. Sasa alikuwa anafundisha watoto wa shule ya mtaani kwao kucheza.

"Ungenyamaza, ningefika?" aliuliza.

Nilifikiri jibu la kumpa. Nilikuwa nnayo kadhaa, yote ya kitaalamu.

"Huenda," nilisema.

"Huenda," alirudia. Kisha akasema, "Nauliza tu. Leo sikulaumu."

Mama alipiga kelele kutoka jikoni, anataka kujua ni nani. Nilipomwambia, alikuja huku akifuta mikono kwenye kanga, akasimama karibu na simu.

"Muulize, mama yake hajambo?"

Nikauliza. Kijana, kama mtu asiyejua swali limetoka wapi, akasema hajambo, anashukuru. Tukaagana.

Msimu uliofuata mwenzangu aliponitumia video mpya, nilimjibu kwamba sitaweza. Aliuliza kama ni kwa sababu ya yule kijana. Nilimwambia nimechoka, na sehemu kubwa ya jibu hilo ilikuwa kweli. Alipata mtu mwingine, mzuri, sikusikia lawama.

Mama ndiye aliyeshangaa. Alasiri moja alikaa mezani na kotmiri yake, akaitazama kompyuta iliyofungwa.

"Mbona mwaka huu hatutazami?"

"Nimeiacha ile kazi."

Alichambua majani kidogo. "Umeiacha au imekuacha?"

"Sijui, mama."

Alinisogezea fungu moja la majani, nami nikaanza kuchambua upande wangu.