Nilikuwa Namnusa Mdomo

Kila jioni nilikuwa namnusa ndugu yangu mdomo. Usicheke. Kwetu Butembo, katika nyumba ya watu wa kanisa, pombe ndiyo tunayoiogopa, na pombe haijifichi: kasiksi ya ndizi inaingia mlangoni kabla ya mwenye kuinywa. Ndugu yangu mdogo alikuwa dereva wa pikipiki. Asubuhi, kabla ya kutafuta abiria wa njia ya Beni, alimbeba binti yangu hadi shuleni, kwa sababu miye hutoka mapema kwenda sokoni kupokea viazi vya Lubero. Binti huyo ndiye mtoto pekee niliye naye. Donc, basi, nilikuwa na haki ya kunusa.

"Yaya, fungua pua yako muzuri," alinitania miye dada yake mkubwa, akinipulizia usoni. "Unasikia nini? Sombe!"

Kweli, sombe tu, yale majani ya muhogo tuliyokula. Zamani alikunywa, tena vibaya. Kisha akaanguka na pikipiki karibu na Beni, mgongo ukamuuma majuma mengi, akatoka hapo amebadilika. Pombe aliacha. Hasira aliacha. Mtu aliyekuwa anagombana hata na kuku wa jirani, sasa ukimtukana anatabasamu. Alikula kidogo, alijikuna pua na shingo, alisinzia na sahani mapajani. Mama alisema ni uchovu wa njia. Miye nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amemtuliza ndugu yangu. Wakati watu wanapiga makofi, yeye alikuwa ameinamisha kichwa kwenye benchi, nami nikadhani anaomba.

Basi jioni moja alikuwa anaosha miguu uani. Nikaona kidonda kwenye shavu la mguu wake wa kuume, kikubwa kama kiganja cha mtoto, kimeanza kutoa maji. Hapa kwetu kila mtu anakijua kidonda hicho. Ni bomba la moshi la pikipiki. Linachoma abiria, hasa wamama wanaoshuka upande mbaya. Dereva wa miaka mingi haungui, maana akiligusa tu mguu unaruka wenyewe.

"Uliungua siku gani?" nikamwuliza.

Akakitazama kama ndiyo mara ya kwanza anakiona. "Aka! Sijue, yaya. Kweli, sijue."

Nikakibonyeza kwa kidole, tena kwa nguvu, kwa sababu hasira ilinipanda. Akatabasamu. Eeh Mungu wangu, niliogopa kuliko siku yoyote aliyowahi kurudi amelewa.

Nikaingia ndani, nikamkalisha binti yangu nimsuke nywele, nikamwuliza mjomba wake anaendesha namna gani.

"Muzuri, mama. Lakini anasema niimbe. Nikinyamaza, pikipiki inaenda kwa mutaro. Donc ninaimba mupaka ku masomo."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtoto aliyepewa kazi ya maana. Sikuweza kuendelea kusuka.

Asubuhi viazi vilinisubiri sokoni, sikwenda. Nilimkuta ndugu yangu uani, mtoto ameshapanda nyuma, begi mgongoni. Nikasimama mbele ya gurudumu.

"Unameza nini?"

Nilingoja akatae. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Hakukataa.

"Bidonge ya mugongo. Walinipa ku Beni."

"Mugongo iko inauma bado?"

"Hapana. Ilishapona zamani."

"Na leo umemeza?"

"Leo bado."

Akaachilia usukani, akaninyooshea mikono nione. Ilikuwa inatetemeka. Jasho lilimtiririka usoni, na baridi yote ile ya Butembo asubuhi. Miye nilikuwa na sweta na kikwembe juu yake.

"Nikimeza, ninasinzia," akasema polepole, mtoto asisikie. "Nikikosa, ni hivi unaona. Yaya, unipe akili. Nimubebe mutoto nikiwa nimemeza, ao nikiwa sijameza?"

Hakuwa ananidharau. Lilikuwa ulizo la kweli, la mtu aliyejiuliza peke yake asubuhi nyingi kisha akawasha pikipiki. Nilimshusha binti yangu kwa mkono, kwa fujo, hata akalia. Ndugu yangu alibaki amekaa juu ya pikipiki, ananitazama, anangoja nimjibu.