Tone Kwenye Kiganja

Mama yangu, niliyemwita Hooyo, aliuza maziwa ya ngamia sokoni Isiolo, na kipimo chake kilikuwa ulimi. Mtungi ukishushwa kwenye gari lililotoka Kipsing, alidondosha tone kwenye kiganja, akalamba, akatoa hukumu. "Hii maziwa imelala." Au, "Hii mmeongeza maji, rudisheni." Mwenye mtungi angebisha mpaka jasho limtoke, lakini maziwa yake hayakuingia kwenye pipa letu. Mimi nilikuwa naona haya. Ukali wote huo kwa tone moja!

Kisha kiharusi kikamwangusha uani kwetu, mtaa wa Wabera, na koo lake likasahau kumeza. Hata maji yalienda mapafuni. Alirudi kutoka hospitali na mpira puani, na kila nilipomlisha kwa huo mpira aligeukia ukutani. Alitaka kitu kimoja tu, maziwa, kwa mdomo. Aliyaomba kwa kugusa midomo yake kwa kidole.

Mtaalamu wa mazoezi ya kumeza alitufundisha. Akae wima, ainamishe kidevu, ameze, ameze tena, halafu aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, kuna kilichobaki kooni, usiongeze. Maziwa yakorogwe na unga maalumu mpaka yawe mazito kama uji. Akiweza kumaliza bakuli dogo bila kukohoa, ndipo mpira ungefikiriwa kutolewa.

Wiki baada ya wiki alishindwa. Kijiko cha pili, cha tatu, kikohozi, macho yanamtoka, tunaacha. Nilichoka mpaka moyo ukawa mkavu. Kuna asubuhi nilimfokea, "Hooyo, si umeze tu!" Nilimfokea mtu asiyeweza kunijibu, na bado naisikia sauti yangu.

Siku moja mtaalamu alikuwa njiani, na maziwa ya nyumbani yalikuwa yameisha. Nilikimbia sokoni, nikanunua kwa wa kwanza niliyemkuta, nikakoroga mbiombio. Kuonja hakukuwa kazi yangu kamwe.

Kijiko cha kwanza kikapita. Cha pili pia. Akameza, akameza tena, akamaliza bakuli. "Aaa," akasema, na sauti ilikuwa safi.

"Hongera, mama!" mtaalamu alipiga makofi. "Tukiendelea hivi, mpira tutautoa."

Nililia kama mtoto. Nikamuuliza, "Hooyo, ni tamu?"

Akaitikia kwa kichwa.

Nilipeleka bakuli jikoni, na sijui kwa nini, nikakwangua mabaki na kuyaweka kwenye kiganja, kama alivyokuwa akifanya yeye. Nikalamba. Yalikuwa yameharibika kabisa, machungu, yananuka mtungi mchafu. Hata mimi nisiyejua maziwa niliyatema.

Nilirudi chumbani kumwambia mtaalamu, nikasimama mlangoni. Mama alikuwa amefungua mdomo, anangoja kijiko kingine.