Wafula Hakulipukiwa na Baruti

Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Kichwa kinakataa kabisa kwamba Wafula hayupo.

Wengi wenu hamkumjua. Tulitoka Kenya pamoja, tukafikia Riyadh, tukaajiriwa klabu moja ya kulenga shabaha nje ya mji. Mimi nikawa guard getini, yeye akapelekwa workshop ya risasi. Baadaye nilihamia Jeddah kuwa dereva wa familia moja mtaa wa Al-Hamra. Yeye akabaki.

Naandika kwa sababu moja. Kuna mtu kwenye group ya nyumbani ameposti kwamba Wafula amelipukiwa na baruti kazini. Mama yake kule Webuye amesikia. Alinipigia akaniuliza, "Mwanangu, niambie ukweli. Hilo sanduku mtakaloniletea litakuwa na mtu ndani?"

Nilikuwa Jeddah. Nilichokuwa nacho ni maneno ya simu tu.

Wacha niwaeleze kazi yake, maana hata mimi mwanzoni niliiogopa. Wanaopiga shabaha za mbali, kilometa moja na zaidi, hawapendi risasi za dukani. Wanataka zijazwe upya kwa mkono: ganda lililokwisha kutumika, baruti mpya, kichwa kipya, na praima. Praima ni kitu kidogo kuliko kifungo cha shati, kinakaa kwenye kitako cha ganda. Kikigongwa, ndicho kinachowasha baruti.

Kuchagua praima ilikuwa kazi ya Wafula. Anajaza risasi kwa aina hii, halafu kwa aina ile, mengine yote yakiwa sawa. Zinapigwa, mashine inapima mwendo wa kila moja. Aina ambayo mwendo wake haupandi wala kushuka ovyo ndiyo anaichukua.

Mimi nilidhani anatafuta iliyo kali zaidi. Akaniambia, "Kali ya nini, bro? Mimi nataka ile itanifanyia vilevile kila siku."

Lakini hakuanza akiwa mjuzi. Siku zake za mwanzo alifanya kitu ambacho yeyote aliyelelewa na mama zetu angefanya. Aliona praima zimebaki kidogo kwenye pakiti hii, kidogo kwenye ile, akazimimina zote kwenye mkebe mmoja wa maziwa ya unga. Kama vile nyumbani tunavyokusanya sukari iliyobaki.

Supervisor wake, Mfilipino mmoja mpole, alipouona ule mkebe alisimama mlangoni kama amepigwa na stima. Praima zikisuguana mkebeni, moja ikiwaka zinawaka zote. "Wafula, put it down," alimwambia. "Slowly, my friend."

Na hata zisingelipuka, zingeharibu kazi. Kila toleo la kiwanda, wao wanaita lot, lina tabia yake. Ukichanganya, kwa umbali ule risasi moja inapita juu ya shabaha, inayofuata inachimba mchanga.

Wafula alimsimulia mama yake kisa hicho kwa simu, akicheka hadi machozi. Mama hakucheka. Tangu hapo kila wakiongea swali la kwanza ni, "Mikono yako iko?" Naye anawasha video anamwonyesha vidole.

Ule mkebe ulimbadilisha. Hata wali wa jana hakukubali uchanganywe na wa leo. "Hiyo ni lot nyingine," anasema, na anatenga sufuria. Tulimsumbua sana kwa hilo.

Alikuja Jeddah mara moja kunitembelea, pale ninapokaa, mtaa wa Ruwais. Tukiwa tumekaa karibu na maji akaniambia contract ikiisha anarudi kufuga kuku. "Kuku akikasirika anakudonoa tu, halas, basi."

Alhamisi alitoka shift akasema kifua kinambana. Akanywa tangawizi, akalala. Roommate wake, Mganda anaitwa Ssali, alikwenda kumwamsha waende kazini. Hakuamka. Daktari amesema ni moyo.

Miaka yote hiyo ameshika vitu vya kulipuka, halafu anakufa kitandani amejifunika blanketi. Inaniuma hadi sijui niielekeze wapi hasira hii.

Nilimwambia madam wangu kaka yangu amefariki Riyadh. Hakuuliza kaka wa mama gani. "Allah yirhamu," akasema. "Yalla, nenda."

Nilipofika Riyadh, watu wa hospitali walinipeleka kumtambua. Niliangalia uso, ni yeye. Kisha nikaomba wafunue shuka nione mikono. Yule jamaa wa mochari alinishangaa lakini akafunua.

Nikaishika, mmoja halafu mwingine. Vidole vyote vipo. Ngozi safi, hata alama ya moto hakuna. Ni baridi tu. Nilikaa nimeishika mpaka yule jamaa akanigusa bega.

Wewe uliyeposti, mimi ndiye niliyemwona. Futa ile post. Sina la kukwambia zaidi.

Nilimpigia mama nikiwa bado kwenye parking. Nikamwambia, "Mama, nimemwona kwa macho yangu. Hakulipukiwa. Mikono yake yote ipo, vidole vyote vipo. Sandukuni ni yeye, mzima."



Akasema, "Sasa kama ni mzima, mwanangu, mbona amekufa?"

Wafula, hilo ndilo swali la mama yako. Nilisimama kwenye lile jua na simu sikioni, yeye analia Webuye, mimi nalia Riyadh, na hakuna aliyekata.

Nenda nyumbani, ndugu yangu. Atakushika mwenyewe.

Lala salama. Sisi huku hatulali.