Shikamoo Niliyoikalia Chini ya Meza

Jamani, aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Mlali, maana wale wakisimulia hawakosi kuongeza chumvi. Mimi ni mwanasaikolojia, napima watoto, nijue huyu ana usonji au huyu katishwa mpaka kanyamaza (mama yangu bado anawaambia majirani mimi ni nesi).

Niliitwa shule moja huko kwa ajili ya Zena, mtoto wa darasa la kwanza asiyemwamkia mtu. Kwetu mtoto asiyeamkia ni jeuri, basi, na Zena alishachapwa mpaka bibi yake akachoka kulia, na siku hiyohiyo kamati ya shule ilikuwa inakuja kuamua kama arudishwe nyumbani. Nikamkuta chini ya meza ya walimu anapanga vizibo vya soda. Nikaamua kumfuata humohumo, na sketi yangu ya kubana (niliivaa nionekane mtaalamu, mnaona akili hizo!), nikalala kifudifudi, kimya, nikaweka kizibo changu kwenye mstari wake. Akakisogeza kidogo, akakiacha. Moyo wangu ukaruka kwa furaha.

Ndipo kamati ikaingia, mzee mwenyekiti mbele. Ningefungua mdomo, Zena angekimbia, kwa hiyo nikabaki hivyohivyo, nyayo nje.

"Huyo mama naye haamkii?" mzee akauliza.

"Ndiye mtaalamu wetu," mwalimu mkuu akanong'ona.

Zena akanisukumia kizibo. Najipindua nikipokee, sketi ikanasa kwenye msumari, ikachanika mpaka kiunoni, nikashtuka nikagonga kichwa mezani, na kamati nzima ikaangua kicheko. Bibi yake Zena, aliyekuja na kamati, akanifunga khanga yake. "Pole, mwanangu."

Nilitamani ardhi inimeze, ila hasira ikaishinda aibu. Nikasimama na nundu yangu.

"Shikamoo, mzee. Nilikuona, sikukuamkia. Zena si jeuri, naona dalili za usonji, nipeni muda nimpime vizuri. Kama kutoamkia ni fimbo, basi anzeni na mimi."

Mzee akanivutia kiti.

"Marahaba," mzee akasema taratibu. "Kaa, utueleze."

Zena bado yuko darasani, na fimbo imekoma. Mimi Mlali nzima wananiita Mama Chini ya Meza, na waniite tu! Sketi ya kubana sivai tena. Lakini chini ya meza nitaingia, hata akija waziri, na shikamoo yake ataisubiri mpaka mtoto amalize kupanga vizibo vyake.