Mwana Aliyebaki na Muzee Yuma

Idriss alikuwa dereva wa lori la maharage kati ya Kiwanja na Goma, mpaka siku presha ilipomwangusha baba yake. Muzee Yuma, mfanyabiashara wa nguo ambaye wazazi wake walitoka Maniema, aliamka nusu ya mwili imekufa na ulimi mzito. Idriss ndiye mwanawe pekee, na muzee hakukubali kuoshwa na mtu mwingine. Mkwewe Aziza, mke wa Idriss, akiingia na maji, muzee alijifunika shuka mpaka kichwani. Wakamwajiri mama mmoja, akaondoka kabla ya wiki kwisha. Alipokuja wa pili, muzee akageukia ukuta. Safari ya Kiwanja ilikuwa ya kulala huko, na mwenye lori hakuweza kungoja. Usukani akapewa mwingine.

Mwaka 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka, na siku chache baadaye watu wakaamriwa wahame. Idriss aliwasindikiza Aziza na watoto bandarini, wapande boti ya Bukavu. Msukumano ulikuwa wa kuvunja mbavu. Mtu wa kubebwa hangepita.

"Nitarudi mambo yakitulia," Aziza alisema.

Mtaa wao wa Mapendo ukabaki kimya. Ardhi ilipotikisika na mabati kulia, Idriss alivuta godoro lake karibu na kitanda cha baba. Baba aliona haya kuoshwa na mwanawe, na mwana aliona haya kuiona haya ya baba.

Majirani walirudi. Aziza alichelewa, kisha Idriss mwenyewe akamwambia abaki: watoto wameshaingia shule Bukavu, naye amepata meza ya vitenge sokoni. Meza hiyo ndiyo iliyonunua dawa na pampasi za watu wakubwa. Mwaka uliofuata waasi wakaishika Kiwanja, barabara ikafa. Madereva wenzake, waliozoea kupita kumjulia hali, wakapungua mmoja mmoja. Mwanaume anayeanika mashuka kila asubuhi hapati wa kupiga naye soga. "Pole, Idriss," walisema kwa mbali, wakashika njia zao.

Siku moja muzee akafunga kinywa. Uji hataki, chai hataki. Kesho yake vilevile.

"Papa, unaumwa wapi?"

"Siumwi." Maneno yalitoka kwa shida. "Enda kwa watoto yako. Mimi nikimalizika, utaenda."

Idriss alitaka kukasirika, lakini kilichomshika ni aibu, kwa sababu wazo hilo lilikuwa limemjia naye, tena si mara moja. Akapakua wali na dagaa wa sambaza, akaketi ukingoni mwa kitanda, akala taratibu mbele ya baba yake.

"Hizo samaki," muzee akasema mwishowe, "umezitia chumvi?"

"Onja mwenyewe."

Akaonja. Chumvi haikutosha. Akala nusu ya sahani, akilalamika.

Muzee alifariki Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Risasi hazikumgusa; alikwenda na homa ya kifua, maduka ya dawa yakiwa yamefungwa na simu hazishiki. Wanaume wawili wa msikitini walithubutu kuja. Wakamswalia uani, wakamzika haraka, wakakimbilia kwao. Idriss akabaki na habari isiyo na wa kuipokea.

Mtandao uliporudi, Aziza akapiga. "Muzee anaendeleaje?"

"Tulimzika," Idriss akamwambia mkewe.

"Nani alikusaidia?"

"Majirani," alidanganya, asije akamwongezea uchungu.

"Kuja basi, papa Fatuma," Aziza akasema, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa. "Kuja tuwe pamoja."

Boti zilipoanza tena kwenda Bukavu, alipanda na mfuko mmoja, akakaa kati ya wachuuzi na magunia yao. Mikono ilimlemea kwa kukosa kazi. Mama aliyekaa kando yake akamwuliza kama anasafiri peke yake.

"Ndiyo," akasema, akayatazama maji mpaka Goma ikapotea machoni.