Kanda ya Pili ya Wale Vijana wa Panki

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu bendi moja ya wazungu walionyoa panki. Akasema albamu yao ya pili ilijaa huzuni mno, mashabiki wakawakimbia. Nikacheka kwa uchovu. Ndugu yangu, albamu hiyo naijua tangu niko darasa la sita kule Dongobesh, kabla hatujaitwa mkoa wa Manyara.

Serikali ilikuwa imeruhusu bidhaa za nje, na mnadani mitumba ilimwagwa chini pamoja na kanda za kila aina. Mwalimu, jirani yetu, alinunua kanda ya kwanza ya vijana wale kwa sababu tu ya picha ya nywele zao. Jamani, makelele yale! Jioni tulikuwa tukipukuchua mahindi uani kwake, radio kaseti ikiwa juu ya kinu, na mama, mjamzito, akicheka mpaka anashika kiuno. Bibi alisema wale wangefaa kufukuza nyani shambani.

Kisha mdogo wangu akazaliwa, akafa akiwa na wiki mbili. Kanisani tulikuwa tunaenda, lakini kwa msiba wa mtoto mchanga bibi alishika mila, nyumba yetu ikatengwa ili mkosi usiwafikie wengine. Hakuna aliyeingia. Hatukuazima moto wala chumvi, mimi sikwenda shule, hata ng'ombe wetu walikunywa maji peke yao. Mama hakulia, na chakula hakugusa. Alikaa jikoni akitazama ukuta, maziwa yakimlowesha kifua. Bibi akaninong'oneza, "Huyu akinyamaza hivi, tutamzika na yeye." Niliogopa sana.

Mwalimu naye hakuruhusiwa kuja. Mchana mmoja akaiweka radio kwenye uzio wake, akaielekeza kwetu na kufungulia sauti mpaka mwisho. Ilikuwa kanda ya pili, aliyoitafuta hadi Arusha. Vijana ni walewale, lakini mbio zimekwisha na kicheko hakuna. Gitaa lilikwenda polepole, na mwimbaji alipiga yowe kama mtu aliyeachwa peke yake ndani ya nyumba. Bibi akainuka kwenda kumkemea mwalimu, mama akamshika mkono.

"Anasema nini?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Kiingereza chake sikielewi."

"Basi mwacheni. Huyu naye amefiwa."

Akalia. Alilia mpaka upande wa kwanza ukaisha, mwalimu akaigeuza kanda, naye akaendelea. Jioni akaomba uji.

Mila ile imekufa, na wala siisikitikii, ilitutesa. Mwalimu alihama zamani, kanda sijui ziliishia wapi. Mwaka jana nilimzika mama. Palikuwa na maturubai, maspika, kwaya mbili na mtu wa kupiga video, na watu hawakuniacha peke yangu hata dakika moja. Nilipokea kila mkono, nikawaambia asanteni, poleni na safari. Wote wamesharudi makwao. Mimi bado sijalia.